Taa ya Njano Getini

Waithira alizaliwa na shuku, wala hakuwahi kuona haya kwa sababu hiyo. Akinunua viazi sokoni Karatina, lazima amwage debe zima chini aone kama vya ndani ni sawa na vya juu. Mchungaji akisema watu wafumbe macho waombe, yeye hufumba moja. Mumewe Wamae, anayefanya kazi kiwanda cha majani chai huko Kangema na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, humwambia, "Wewe hata Yesu akirudi utamwomba kitambulisho." Naye hujibu bila kucheka, "Akiwa Yesu wa kweli, atakitoa."

Basi machimbo ya mawe yaliyo njia ya Mweiga yalipotafuta mtu wa kuketi getini na mashine mpya, meneja Kingori hakuhangaika. Alijua wa kumpa. Kwa mambo ya kushuku, Waithira alikuwa na shahada.

Kabla ya mashine kulikuwa na mbwa. Aliletwa kunusa baruti, maana kampuni ilikuwa na hofu kwamba baruti ya kupasulia mawe ingevushwa getini iishie mikononi mwa watu wabaya. Maskini mbwa, alimaliza wiki mbili tu. Huku kwetu nani hana shamba? Kila mkono umeshika mbolea, na zile punje nyeupe za naitreti ambazo watu wa baruti huchanganya na dizeli kulipulia mwamba ni ndugu wa toka nitoke na mbolea ya mahindi. Mbwa akambwekea mlipuaji, akambwekea mpishi, akambwekea hata mzee wa kanisa aliyekuja kuombea trekta jipya. Wakamrudisha alikotoka.

Ndipo akaja injinia mmoja mdogo kwa umri, Ivy Karambu, na mashine ya mwangwi wa sumaku. Wafanyakazi waliibandika jina Redio siku hiyo hiyo.

"Hii haioni na hainusi," Ivy alimwelezea Waithira. "Hii inauliza. Ni binamu ya ile ya hospitali inayopiga picha ndani ya kichwa. Inatuma mawimbi kwenye mzigo, halafu inanyamaza kusikiliza. Kama ndani kuna naitreti, itajibu kwa sauti yake. Sukari haijibu hivyo. Unga haujibu. Na vumbi la mkononi ni kidogo, halisikiki. Mpaka iwe ya kupimwa kwa mizani."

"Na mtu akiificha ndani ya sufuria?"

Ivy akatabasamu. "Hapo umeuliza kitu ya maana. Mawimbi hayapiti kwenye chuma wala kwenye alumini. Redio ikikuta hiyo, inawasha taa ya njano. Kijani ni safi. Nyekundu ni baruti. Njano ni kusema, mimi sijui, fungua wewe kwa mkono uangalie. Ukishaangalia, bonyeza hapa, iandike kwamba ulifungua."

Waithira alipenda mashine hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kupewa na mwajiri. Haikuwa na mjomba wala shangazi. Haikuchukua soda ya mtu.

Mambo yalichafuka siku ya Alhamisi, mwezi wa sita, ukungu ukiwa bado umelala juu ya machimbo hata watu wa chini hawaonekani. Stoo ilihesabiwa asubuhi ile bila kutangazwa. Naitreti ya kujaza karibu magunia mawili haikuwapo. Hayakuibwa mazima, la, magunia yote yalikuwa yamesimama kwenye mstari wake. Ila mengi yalikuwa yamepunguzwa kidogo kidogo na kushonwa tena mdomo, na upungufu wote ukijumlishwa ulikuwa kilo tisini na kitu.

Kingori alitoka stoo jasho likimtiririka katika baridi ile. Alipiga simu Nairobi. Kisha akamwita Kobia.

Kobia alikuwa mlipuaji. Mtu wa Meru, mrefu, mkimya, amekaa hapo mwaka mmoja na hakuna aliyejua mkewe anaitwa nani. Na sasa tuseme ukweli ulivyo, maana ukiufunika utanuka: aliyemtaja Kobia kwanza alikuwa Waithira. Wiki mbili nyuma alimwendea Kingori akamwambia kwamba yule mtu huzungukazunguka stoo saa ya chakula, eti anatazama magunia. Kwamba huenda nyuma ya tangi la maji kupiga simu kwa Kimeru cha haraka haraka. Kwamba hasalimii watu. Kingori akamwambia aandike, naye akaandika, akatia sahihi, na siku hiyo alilala vizuri.

"Atakaa kwa ofisi yangu mpaka hao watu wa Nairobi wafike," Kingori alimwambia Waithira asubuhi hiyo, wakiwa wawili getini. "Wamesema saa nane. Wakimchukua huyu kwa jambo la baruti, Mama Muchiri, hatarudi leo wala kesho. Hii si wizi ya kuku."

"Amesema nini?"

"Ati hajui. Ati yeye ndiye alimwambia Peterson magunia ni mepesi."

Peterson Kahiga ndiye aliyeshika funguo za stoo. Mtu safi, shati lake hupigwa pasi hata siku za vumbi, na Jumapili ndiye husimamia sadaka. Waithira alicheka kwa pua. "Mwizi akishikwa lazima ataje mtu wa kanisa."

"Basi nitolee rekodi yake yote kwa hiyo mashine," Kingori akasema. "Kila siku aliyopita hapa. Nataka niwape mkononi."

Kwa dirisha la ofisi Kobia alionekana amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, akiangalia ukuta. Waithira alimtazama kwa muda. Angalau jasho lingemtoka, alifikiri. Mtu asiye na hatia hulia, hupiga kelele, humwita Mungu. Huyu amekaa kama anangoja kunyolewa. Shuku yake ikanenepa.

Akaketi mbele ya Redio, akafungua rekodi. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa na historia yake. Akatafuta ya Kobia. Kijani. Kijani. Kijani. Tangu mwezi wa nne mashine ilipowashwa, yule mtu alikuwa amepita getini na begi lake la turubai jioni zote, na zote kijani. Hata njano moja hakuwa nayo. Hakubeba hata thamosi ya chai.

Jambo hilo lilimuudhi Waithira. Kilo tisini hazikuota mabawa. Geti lilikuwa moja, upande wa pili ni ukingo wa mwamba na mto chini, na mtu hawezi kushuka huko na mzigo kila siku asionekane. Lazima zilipita hapa, mbele ya pua yake. Na kama zilipita na Redio haikusikia, basi zilipita ndani ya chuma.

Akaitisha taa zote za njano.

Zilikuwa chache kuliko alivyotarajia. Sanduku la spana la fundi wa trekta, mara sita. Alizikumbuka zote, alilifungua kwa mkono wake na kupekua mpaka chini, fundi akimtukana kwa upole. Sufuria ya mpishi, mara mbili, alifungua. Debe la dizeli, alifungua. Halafu kulikuwa na moja iliyojirudia. Saa nane kasorobo. Saa nane kasoro dakika kumi. Saa nane kasorobo. Jumatatu mpaka Ijumaa, njano, njano, njano, mara arobaini na tatu, na kando ya kila moja neno lile lile: Imefunguliwa.

Kwanza alitabasamu. Ilikuwa ni mikebe ya maitu tu.

Maitu ndivyo alivyomwita Watiri, mama mzazi wa Wamae, kama inavyompasa mke kumwita mama mkwe. Watiri alikuwa akiingia machimboni kila siku saa nne na mikebe miwili ya alumini, ile mikebe ya kupelekea maziwa, ikiwa imejaa chai ya maziwa ya moto, na kapu la mandazi. Aliwauzia wachimbaji. Saa nane kasorobo hutoka na mikebe mitupu. Kila mtu alimpenda. Ndiye aliyempokea Waithira bomani, ndiye aliyemkorogea uji alipojifungua mwanawe Muchiri, ndiye aliyemwambia Wamae mbele ya wazee, "Huyu ndiye binti yangu, wewe ni mgeni wake."

Halafu tabasamu likamganda mdomoni. Kwa sababu hakuwahi kuifungua.

Hata mara moja. Taa ya njano ikiwaka, yeye husema, "Pitia, Maitu," na kidole chake hubonyeza. Ungetaka afanye nini? Asimame mbele ya wanaume arobaini amwambie mama mkwe wake afunue chombo, achungulie ndani kama askari wa kanjo anayetafuta chang'aa? Huku kwetu hilo halifanyiki. Mwanamke aliyempekua mama wa mumewe hana pa kuweka uso. Angesemwa mpaka Kianyaga. Kwa hiyo yeye, Waithira anayefumba jicho moja wakati wa maombi, kwa mtu huyu mmoja alifumba yote mawili.

Akajikemea. Wee, Waithira, una wazimu? Maitu? Maitu ambaye hawezi kuokota embe la mtu barabarani?

Lakini shuku ni kama kupe, ikishaingia haitoki kwa kukung'utwa. Ilimletea shamba. Mwaka huo watu wengi wa kijijini walikuwa wamelia. Dalali mmoja alipita na lori mwezi wa tatu akiuza mbolea ya bei ya chini, na wakati mvua iliponyesha ile mbolea ikabaki juu ya udongo kama ilivyomwagwa, changarawe iliyosagwa, ulaghai mtupu. Mahindi ya kila mtu yalikuwa ya manjano kama mtu wa homa ya ini. Shamba la Watiri peke yake lilisimama likiwa la kijani kizito, karibu jeusi. Wiki iliyopita tu Waithira alisimama kwenye mpaka akastaajabu, "Maitu, umeyapa nini haya mahindi?" Na Watiri akajibu, "Ni Mungu tu, mwanangu. Na watu wake."

Na watu wake.

Waithira alisimama, akaketi, akasimama tena. Ndipo akili yake ikamtafutia njia ya kutokea, nayo alifurahi kuiona. Ni Kobia! Bila shaka ni Kobia. Anatia naitreti kwenye mikebe ya mama mzee bila yeye kujua, kisha mtu mwingine huko nje anaitoa. Ndiyo maana rekodi yake ni safi. Mjanja huyo! Anamtumia maitu kama punda. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka, na ilikuwa hasira tamu, maana ilikuwa na mahali pa kwenda. Leo ataifungua mikebe. Ataifungua kwa heshima, kwa faragha, ndani ya kibanda chake, ataikuta naitreti, na wale watu wa Nairobi wakifika atawaonyesha jinsi Kobia alivyokuwa akifanya. Na maitu mwenyewe atamshukuru.

Saa saba na nusu ukungu ulikuwa umeondoka. Saa nane kasorobo Watiri akatokea kwenye njia ya kutoka stoo, leso kichwani, sweta la bluu, kapu mkono mmoja na mikebe imening'inia mkono wa pili. Waithira alimtazama anavyotembea. Mkebe mmoja ulikuwa ukiyumba, unagonga goti lake, mwepesi. Wa pili ulining'inia wima, hautikisiki.

"Mama Muchiri, mbona uko na uso kama wa kilioni?" Watiri alimsalimia. "Ulikula?"

"Nilikula, Maitu."

"Uongo. Nimekuwekea mandazi mbili hapa." Akaiweka mikebe juu ya meza ya Redio, kama siku zote. Mashine ikavuma kidogo, ikanyamaza, ikasikiliza. Taa ya njano ikawaka.

Watiri tayari alikuwa amenyoosha mkono kuichukua mikebe.

"Maitu," Waithira akasema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha, "naomba uingie hapa ndani kidogo. Nisamehe. Leo wamesema kila kitu kifunguliwe."

Mama mzee alimtazama. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kama wamesema, wamesema. Kuja."

Ndani ya kibanda Watiri mwenyewe ndiye aliyefungua kifuniko cha ule mkebe mzito, bila haraka wala kusita, akauinamisha upande ili mke wa mwanawe aone vizuri. Ndani mlikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani ya mfuko, punje nyeupe, ndogo, za duara, kilo mbili au tatu hivi.

"Nani ametia hii hapa, Maitu?" Waithira aliuliza kwa pupa. "Umeona nani akikaribia mikebe yako? Ni yule Mmeru?"

"Mmeru gani? Ni Peterson."

"Peterson wa kanisa?"

"Kwani kuna mwingine? Mimi kila siku humpelekea kikombe cha chai na andazi, simlipishi, ni mtoto wa rafiki yangu. Basi yeye ni mtu aliyelelewa. Hawezi kurudisha chombo cha mama yake kikiwa kitupu." Watiri alisema hivyo kama anavyosema jua huchomoza upande wa mlimani. "Ati ni mbolea inayomwagika chini magunia yakipasuka. Anafagia, ananiwekea. Angalau mwaka huu tutakula. Na Njoki mjane nimempa, na mama yake Shiro nimempa. Wacha Mungu ambariki huyo kijana."

Kila mtu aliyelelewa milimani hapa analijua jambo hilo. Jirani akikuletea viazi ndani ya kiondo, kiondo hakirudi kitupu, hata kama una ndizi moja tu. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mtu asije tena. Naye Peterson alichukua adabu hiyo nzuri ya wazee akaifanya kifuniko cha mkebe.

Kisha likamjia jambo la pili. Kobia alikuwa amefungiwa ofisini tangu saa mbili asubuhi. Mkebe wa leo umejazwa leo. Hakuweza kuwa yeye. Hakuwahi kuwa yeye. Alikuwa akizunguka stoo saa ya chakula kwa sababu saa ya chakula ndipo mama mzee huenda na kikombe cha Peterson, na yeye alikuwa ameshaona magunia ni mepesi, na alikuwa anajaribu kuona kwa nini. Aliwaambia. Hakuna aliyemsikia, na Waithira ndiye aliyewaziba watu masikio kwa karatasi yenye sahihi yake.

Barabarani chini kulisikika gari. Land Cruiser nyeupe ilikuwa inapanda polepole, ikiyumba kwenye mawe.

"Nifunge?" Watiri aliuliza.

Hapo ndipo Waithira alipojiona alivyo, na hakujipenda. Maana kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Kubonyeza mara moja tu, Imefunguliwa, ya arobaini na nne. Maitu atapita, atakwenda nyumbani, jioni atamwambia asipokee tena, na jambo litaisha. Wamae hatajua. Kazi itabaki. Ni mgeni mmoja tu atakayepelekwa Nairobi, mtu asiye na jamaa hapa wa kumlilia. Nani atauliza? Alitazama dirisha la ofisi. Kobia alikuwa amesikia gari. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Waithira akaondoa kidole.

"Usifunge, Maitu," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ngoja hapa. Usifunge." Akatoka mbio akimwita Kingori kwa jina lake, bila bwana wala meneja.

Watu wa Nairobi walikuwa wawili, mwanamume aliyeshika simu na mwanamke wa makamo aliyevaa koti la kijivu, na ni mwanamke ndiye aliyekuwa mkubwa. Hawakupiga kelele. Waliutazama mfuko. Wakautoa kwenye mkebe, wakauweka juu ya Redio wenyewe, na Redio kwa mara ya kwanza tangu iletwe ikawasha taa nyekundu. Walituma watu stoo. Funguo zilikuwa kwenye msumari, mlango wazi, na Peterson hayupo. Mpishi alisema amemwona akishuka ukingoni kuelekea mtoni, na viatu vyake vizuri mkononi.

Kwa hiyo waliobaki mbele ya afisa yule walikuwa wanawake wawili na mkebe.

"Hii ni ya kulipulia mwamba, mama," afisa alimwambia Watiri. "Unajua hivyo?"

"Ni mbolea," Watiri akasema. "Njoo uone mahindi yangu, kama si mbolea."

Afisa aliigeukia skrini. Alisoma kwa muda mrefu, akishuka na kidole. "Mara arobaini na tatu. Imefunguliwa, imefunguliwa, imefunguliwa. Ni nani alikuwa anafungua?"

"Ni mimi nilikuwa nabonyeza," Waithira alisema. "Lakini sikufungua."

"Kwa nini?"

"Ni mama ya bwanangu."

Afisa alimtazama, wala hakuandika kitu. Labda na yeye alikuwa na mama mkwe mahali fulani. "Kwa hivyo hukujua kilichokuwa ndani."

"Sikujua. Naapa."

Na hapo, Mungu wangu, hapo ndipo Watiri aliposikia mke wa mwanawe anaulizwa kama mwizi, na upendo ukamfungua kinywa. Akasimama kati yao, mdogo, leso imelegea, akamwekea Waithira mkono begani.

"Msimtishe mtoto wangu," alisema. "Huyu ni mtu mzuri. Si kama wengine. Huyu alikuwa anajua, na kila siku alikuwa ananipitisha. Taa inawaka, mashine inasema kuna kitu, yeye ananiambia, pitia, Maitu. Hata kanisani nimewaambia wamama, mimi niko na binti ambaye anaona shida yangu na ananyamaza. Muulizeni mtu yeyote. Nimemshukuru mbele ya watu wote."

Kingori alitazama chini.

"Maitu," Waithira alinong'ona, "mimi sikuwa najua."

Watiri akamgeukia, na usoni mwake furaha ilianza kuporomoka polepole. "Ati nini? Lakini ulinionyesha mahindi. Uliniuliza nimeyapa nini, ukacheka. Nikajua unaniambia kwamba unajua."

Afisa alitoa daftari sasa. Aliandika. Kisha akamwambia mwenzake amlete yule mlipuaji.

Kobia alitoka ofisini akitembea kama mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi. Walimwonyesha mfuko. Wakamweleza kwa maneno machache, afisa akamwomba radhi, akamrudishia simu na kitambulisho alivyonyang'anywa asubuhi. Kobia alivipokea kwa mikono miwili. Akayafuta macho yake kwa mkono wa koti, mbele ya watu wote, na akavuta pumzi mara nyingi. Hapo ndipo alipomtazama Waithira, na Waithira akajua kwamba asubuhi, Kingori alipomhoji, alimsomea ile karatasi.

"Swali moja tu, Bwana Kobia," afisa akasema. "Ulimwambia meneja kwamba ulikuwa unaichunguza hiyo stoo wiki nyingi. Umemwona huyu mama mzee akitoka hapa getini. Umemwona na huyu wa mashine. Kwa maoni yako, alikuwa anajua?"

Waithira alimkazia macho. Hakuwa amemsalimia mtu huyu hata siku moja, na sasa maisha yake yote yalikuwa katika kinywa chake. Alitamani kupiga magoti. Alitamani kusema nisamehe.

Kobia alifikiri. Hakuwa na haraka, wala hakuonekana kuwa na chuki. Alimtazama mama mzee aliyekuwa ameanza kulia kwa sauti ndogo, akamtazama Waithira tena, akaliweka begi lake la turubai begani.

"Mimi sijui," alisema. "Muulizeni vile mliniuliza mimi."

Akapita getini. Afisa aliushika mlango wa ofisi, akaufungua wazi, akamwonyesha Waithira kile kiti cha plastiki.